Tableti Uliyonitumia

Buigiri, Jumapili

Mume wangu Elieza,

Salamu. Watoto hawajambo, na uwele umeanza kuchanua.

Tableti mpya nimeipokea. Ni nyepesi kuliko ile ya zamani, inafungua haraka, na picha zake hazina ukungu. Ndiyo maana juzi tulipoongea kwa video niliyaona mawe ya mlima Mlimwa, ule wa Dodoma mjini, dirishani nyuma yako, huku ukiniambia kazini Mtwara kuna joto.

Jana nilikwenda Dodoma mjini, nikakuulizia kwa jina mpaka nikafikishwa unapoishi. Aliyenifungulia mlango ni mwanamke mjamzito. Alifurahi kweli.

"Karibu wifi! Elieza amenionyesha picha yako, anasema dada yake ni mpole sana."

Nilikunywa chai yake, nikaondoka bila kumwambia neno. Mwambie wewe.

Mkeo,
Loisi