Mapigo Madogo ya Nyundo

Kaka Harkaman,

Ukungu wa Dharan umeingia mpaka ndani. Nimekaa kama niko ndotoni, nasugua masizi ya visu vya khukuri nilivyonunua kwa baba, vimetoka tu kufuliwa huko nyumbani. Alama yake ya mwezi ipo. Ila mapigo ya nyundo ya baba ni mapana, unayajua. Haya yaliyobaki kwenye chuma ni madogo, laini, yamefuatana.

Nikampigia mama.

"Baba yako mzima! We sugua visu vyako."

"Mbona unahema, mama?"

Akakata simu.

Kaka, kisu kimoja sikukisugua. Nakutumia huko Kathmandu kama kilivyo. Fumba macho, pitisha kidole ubapani. Utakumbuka nani alikuwa akitupigapiga mgongoni hivihivi, mpaka tulale.

Twende nyumbani.

Mdogo wako,
Batuli