Mitungi Nyuma ya Jemu

Kaka Radim,

Natumaini huko Brno mnaendelea vizuri. Hapa plamu zimezaa kupita kiasi, na mbwa wetu sasa ni kiziwi kabisa.

Kiwandani wanajenga ghala. Tangu meli zikwame na pampu zetu zilale wiki tatu kwa kukosa mipira ya kuzuia maji, wakubwa wanataka akiba ya miezi sita. Mkurugenzi alituambia, "Jamani, rafu tupu ni hatari!" Wenzangu wakapiga makofi. Mimi mikono ilikataa.

Baba alifukuzwa hapohapo kiwandani kwa kuficha mipira hiyohiyo nyuma ya kabati, wakati amri ilikuwa rafu zibaki tupu ili kubana gharama. "Siku meli isipofika mtanitafuta," aliwaambia, wakamcheka. Barua ya kumfukuza uliisaini wewe, huko makao makuu.

Zile wiki tatu, kiharusi kilikuwa kimeshamfunga mdomo. Nilipomweleza kuwa kazi imesimama, akawa ananyoosha kidole sakafuni, tena na tena. Nikadhani anataka jemu. Nikashuka stoo ya chini ya nyumba, nikamletea, nikamlisha kwa kijiko. Alikula huku akilia.

Tulimzika Alhamisi. Nilikupigia sana, Kaka.

Jana nilishuka kuchukua jemu ya wageni. Nyuma yake nikakuta mitungi kumi na saba imejaa mipira, kila mmoja na karatasi ya mwandiko wake: "Ya kiwanda. Wakikwama, apewe Radim, asije akalaumiwa."

Sijaigusa. Njoo uichukue mwenyewe.

Dada yako,
Zdenka