Minazi Yangu, Chonga wa Mussa

Jumanne, 2 Julai
Bububu tena, shambani. Makame mkwezi kapanda minazi yangu yote tisa na waya wake wenye ndoana, kachokoa chonga kumi na mmoja. Nimewaponda kwa kisigino, mmoja mmoja, polepole. Mdudu mweusi mwenye pembe. Anatoboa mpaka kwenye moyo wa mnazi, na moyo ukiliwa mti umekwisha.

Wanakotoka nakujua. Magogo ya Mussa, shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Kayalaza upande wake yaoze, na ndani mabuu wa chonga wamejaa, weupe, wanono. Mara nne nimemwambia ayachome. Anacheka. Mume wangu aliniachia miti; ardhi ilikuwa ya baba yao, sasa ya Mussa. Kwa desturi yetu mnazi wangu ukifa, pale mahali si pangu tena. Anasubiri. Namchukia.

Jumapili, 14 Julai
Rukia, mtoto wa dada yangu, kaja nyumbani mjini na kichupa. Anasomea wadudu chuoni Tunguu. Ndani maji ya kijivu. Kumbe ni mabuu waliokufa kwa kirusi, wakasagwa, wakachujwa. Mtu hakimdhuru, wala kuku. Chonga tu. Unamkamata mzima, unamtia matone mdomoni, unamwachia. Hafi siku ile. Anaruka kwa wenzake, anawaambukiza, anaingia kwenye magogo kutaga na kunya humo humo. Mabuu wanakula, wanaugua, wanakufa.

Nimependa sana. Ukoo mzima, na wauaji ni wao wenyewe.

Nikamuuliza, na minazi ya Mussa je?

"Nayo itapona, Mama mdogo. Chonga hawajui mpaka."

Raha yote ikanitoka.

Jumatatu, 15 Julai
Sitaki. Mussa ana minazi ishirini, nayo inaliwa. Na iliwe! Nimtibie miti kwa mkono wangu? Hata. Makame nimemwambia asipande mpaka nimwite. Wazaane, wamtafune yeye kwanza. Leo nikikuna nazi ya mikate ya kumimina nilikuwa nacheka peke yangu jikoni.

Jumatano, 24 Julai
Rukia kapiga simu. Sikupokea.

Jumamosi, 3 Agosti
Mnazi wa kisimani umekufa. Ule aliopanda mume wangu nilipotoka arubaini ya mtoto wetu wa kwanza. Kuti la katikati lilikuwa limelala. Nimelivuta, likang'oka mkononi, linanuka uozo.

Makame kasema tundu ni la wiki mbili hivi. Angepanda, angemchokoa. Mussa alikuwa kasimama upande wake anatazama. Minazi yake imeliwa, lakini yote imesimama.

Nimelia kwa hasira. Kwa mara ya kwanza hasira zenyewe hazikuwa kwa Mussa, zilikuwa kwangu.

Jumapili, 4 Agosti
Makame kakamata kumi na sita, wazima. Rukia nilimpigia jana usiku, kaja na kichupa; akawa anawashika, mimi nadondosha. Kisigino kinaniwasha. Kuwa na chonga kiganjani na kumwacha aondoke, sikujua kama naliweza hilo. Kabla ya magharibi tukawaachia. Kila mmoja nilimwambia, nenda, wapelekee. Wakaruka upande wa magogo.

Alhamisi, 12 Septemba
Mussa kaenda Fumba harusini. Nimeingia kwake na panga, nimepasua gogo. Mabuu wameregea, ngozi zao zinaonyesha maji ndani. Wengine wameshaoza. Nikapasua jingine. Vilevile. Nimekaa juu ya gogo la mtu nikiwatazama mpaka adhana ya alasiri. Sijafurahi hivi tangu mwaka uanze. Nilipaswa kuona haya. Sikuona.

Jumatatu, 18 Novemba
Makuti mapya yametoka mazima, hayana mikato ya chonga. Kwenye yangu minane. Kwenye yake yote ishirini.

Mussa kanikuta kisimani. "Shemeji, chonga mwaka huu nshawasahau. Mwenyezi Mungu katusitiri." Nikasema alhamdulillahi. Ya Rukia na kichupa sikumwambia.

Gogo la mnazi wangu kalitoa. Pale pale kapanda mche wake, kauzungushia miba mbuzi wasiufikie. Wala hakuninyang'anya. Mti ulikufa, mahali ni pake. Niliyempa ni mimi, kwa zile wiki tatu za kumzuia Makame.

Mche umetoa majani mawili. Nimeinama kuuchunguza kama chonga wameugusa. Hawajaugusa. Nazi zangu nikazitia kikapuni, nikarudi mjini.