Ardhi Tupu ya Kibwezi

Kanyangi, 4 Machi 2024

Mwaitu Mutanu,

Wewe una jina la mama yangu, mwaitu aliyenizaa, kwa hivyo nakusalimia kwa uoga. Watoto hawajambo? Na mume wako Gedion, bado anatembea kama mtu aliyeajiriwa? Mimi mzima, isipokuwa goti na serikali.

Naandika barua kwa sababu nikiongea kwa simu Kaloki jirani anasikia yote. Serikali imekumbuka weu wetu, yale malisho ya wote ninakotundika mizinga ya nyuki. Eti ni mali yake tangu mkoloni, na sasa inataka kuweka mradi wa sola. Sisi tutapewa ploti huko kwenu Kibwezi, kwenye ardhi yake nyingine.

Kwa baraza tulikataa vizuri sana, mpaka afisa akaomba mchungaji afunge kwa maombi. Mchungaji akasema, "Bwana, bariki mabadilishano haya." Sisi tukajibu nini? Amina! Hata mimi, macho yakiwa kwa sufuria ya pilau. Afisa akaandika kwamba wananchi wamekubali kwa kauli moja.

Baba yako,
Nyamai

Kibwezi, 19 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, goti lipake mafuta. Gedion anakusalimia, ingawa hiyo ya kutembea sikumsomea.

Jumanne iliyopita masaveya walikuja hapa wakapiga vigingi. Kimoja kiko katikati ya bamia zangu, kingine mlangoni pa jikoni, kimeandikwa 88. Nikauliza mnapima nini. Wakasema, "Ardhi tupu, ya watu wa Kanyangi." Na mimi nimesimama hapo na mtoto mgongoni! Tunajua hapa ni pa serikali, lakini tumelima, tumejenga, tumezaa. Tukifukuzwa tutaenda wapi? Wacha mzaha, Baba, nenda ukaulize.

Binti yako,
Mutanu

Kanyangi, 2 Aprili

Mwaitu,

Natumaini mko salama, na bamia pia.

Nimeenda. Ofisi ya Kitui ilinituma Makueni kwa sababu ploti ziko Makueni. Makueni wakanirudisha Kitui kwa sababu weu uko Kitui. Mwishowe wote wakasema ardhi si ya kaunti, ni ya serikali ya juu. Nikauliza, hiyo ya juu inakanyaga wapi? Kijana wa ofisi akachoka na mimi. "Mzee, si mlisema Amina?" Nikamwambia nimesema Amina tangu utotoni nikiomba mvua na haikusikika. Leo ndiyo masikio yamezibuka?

Tutaokota namba za ploti kwa kura wiki ya tatu ya mwezi huu.

Baba yako,
Nyamai

Kibwezi, 11 Aprili

Baba,

Salamu. Hatulali vizuri. Gedion amesema yeyote atakayekuja na namba 88 atamkuta mlangoni na panga. Yeye hana mzaha kama wewe.

Mutanu

Kanyangi, 23 Aprili

Mwaitu,

Mwambie Gedion aweke panga chini kwanza, halafu umsomee.

88 iliokotwa na Kaloki. Mimi niliokota ploti ya mawe matupu kule mlimani. Nikamwambia Kaloki binti yangu anakaa hapo. Akasema, "Vizuri, nikifika nitakuta ugali." Mzee mbaya huyo. Nikamuuliza anataka nini. Alitaka mawe yangu na mizinga yangu yote, na nyuki wake. Tukabadilishana, hakuna mchungaji. Alikwangua alama ya ukoo wetu kwa kila mzinga nikimtazama. Kisu chake kilikuwa butu, nikamwazima changu.

Hati nimesema iandikwe jina lako. Si langu, maana Gedion hawezi kukaa kwa baba mkwe. Najua kukaa kwa ardhi ya mke nako ni kama mwanamume kuvaa leso sokoni. Mwambie avae.

Baba yako,
Nyamai

Kibwezi, 30 Mei

Baba,

Shikamoo, na pole kwa mizinga. Nililia nikisoma.

Nimechelewa kujibu kwa sababu Gedion alifunga nguo zake akaenda kwa kaka yake huko Mwingi. Alisema yeye si mpangaji wa mwanamke. Nikafikiri umenipa shamba ukaninyang'anya mume, na nilikukasirikia, nakwambia ukweli.

Jana alirudi. Hakunisalimia. Alizunguka kigingi hadi kigingi kama saveya, mikono nyuma, kisha akasimama mbele yangu akiangalia pembeni.

"Choo unataka kiwe upande gani?"

Nikamwonyesha. Sasa ninapoandika, shimo limemfika kiunoni.

Binti yako,
Mutanu