Msalimie Akiamka

Esta Kalinga,
S.L.P. 614,
Iyunga, Mbeya.

9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Nashoni,

Kamwene! Habari za huko kwenye baridi? Goti linasemaje, na bega, na usingizi unakuja? Sisi huku wazima, mvua inanyesha tangu Jumatatu. Shemeji yako Silvester anakohoa kidogo, na amejitakia mwenyewe, maana hasikii, analala chini ya malori ya watu kwenye tope akitengeneza giaboksi. Mimi mwili ni mzima ila situlii. Barua hii nimeianza mara tatu, na mara zote nimeinuka kwenda kuangalia sufuria ambayo hata haiko jikoni.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Nimefanya makusudi. Mambo ya simu unayasahau, Nashoni. Karatasi utaibandika kwenye friji uisome tena kesho. Usicheke, na usikasirike kabla hujafika mwisho.

Nianze na Jumapili iliyopita. Nilikuwa nimepanda basi kwenda Iringa kumwona mama, na ulipopiga simu tulikuwa tumetoka kanisani pale Pomerini, tumekaa kibarazani tunamenya viazi. Nikaweka sauti ya nje ili wote tusikie. Ukamwamkia mama vizuri sana, ukamwambia timu inakutaka mwaka mmoja zaidi na kwamba utasaini kabla mwezi haujaisha. Halafu ukauliza, "Na mzee yuko wapi, bado yuko kwa ng'ombe?"

Kisu kilinidondoka. Mama hakushtuka, au alijikaza. Akakujibu, "Amelala, mwanangu." Nawe ukasema, "Haya, msalimie akiamka."

Nashoni, baba alifariki. Juni hii inatimia miaka miwili. Ulikuja mwenyewe, ulibeba jeneza mbele upande wa kulia, ukatupa udongo kwa mkono wako, ukakataa kunawa mpaka jioni.

Ulipokata simu mama alichukua ufagio akaanza kufagia uwanja uliokuwa umefagiwa asubuhi. Nikamfuata nyuma nyuma. Akaniambia, "Mwache, amechoka, ana mambo mengi." Nikamwambia, mama, mtu akichoka anasahau funguo! Akaniambia nisimtie mtoto wake mkosi. Tangu hapo hatujaongea vizuri, na nimerudi huku kwenye cherehani nashona ovyo tu. Jana nimeweka mkono wa shati la shule kinyume, nikafumua, nikaweka kinyume tena.

Sasa nataka nikuandikie maisha yako wewe mwenyewe. Soma taratibu. Ukifika mahali ukaona kama ni habari za mtu mwingine, weka alama kwa kalamu.

Ulizaliwa Pomerini, mimi wa kwanza, wewe wa pili na wa mwisho. Ulikuwa unakimbiza ndama kwenye ule mteremko mpaka anachoka ndama. Ulipokuwa na miaka kumi na sita, wageni wa kanisa kutoka Marekani walikuona kwenye mashindano ya shule wakakutafutia nafasi ya kusoma kwao. Ulikwenda kukimbia mita mia. Kocha wa huko akakupa mpira ule wenye umbo la parachichi, akakwambia kazi yako ni kuupokea na kupenya nao katikati ya watu wanaotaka kukuangusha. Baba alipoona picha ya kwanza, umeukumbatia kwapani, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Huyu ameiba jogoo wa watu!"

Ukasoma chuo kikuu miaka minne, kisha timu ya kulipwa ikakuchukua. Msimu wa kwanza ulikaa benchi. Msimu wa pili ndipo ulipowatikisa, ukafikisha yadi elfu moja na kumi na mbili za kukimbia na mpira mkononi. Mchungaji alitangaza kanisani, na mzee Bartholomeo, yule wa baraza, akapiga hesabu palepale alipokaa, akauliza kwa sauti, "Mwaka mzima hajafikisha hata kilometa moja, na huyo analipwa?" Jamani, kanisa zima lilicheka. Baba akasimama, si unamjua, akasema kila hatua ya kijana wake ina watu wanne mgongoni. Ibada ikachelewa kwisha kwa ajili yako.

Msimu wa nne lilikuwa goti. Timu ile ikakuacha kwa simu ya dakika mbili. Ya pili ukadumu msimu mmoja na nusu, na sasa uko hii ya tatu. Una miaka ishirini na tisa, na uliniambia kwa mdomo wako kwamba kwenye nafasi unayocheza huo ni uzee.

Na ile Novemba iliyopita. Video uliifuta, lakini watu walikuwa wameshatumiana. Mligongana kofia kwa kofia, zile ngumu za mchezo wenu, ukaanguka, ukainuka haraka kama kawaida yako, ukatembea moja kwa moja kwenda kukaa kwenye benchi la wapinzani. Walioituma waliweka vile vikatuni vya kucheka. Silvester hakucheka. Aliipangusa simu mafuta, akaitazama mara ya pili, akasema, "Gari likigongwa sana unanyoosha bodi, unapaka rangi, linang'aa. Kumbe chesisi imepinda." Nilimfokea siku ile. Sasa naona nilimwonea.

Madaktari wa timu waliokupima walisema uko sawa, na wiki iliyofuata ukacheza. Sawa kwa nani? Nauliza tu.

Baba mdogo Sosthenes yeye anataka usaini. Anasema mwaka mmoja ni kitu gani, na ameshatangaza Iringa nzima. Sisemi ni mtu mbaya, anajivunia wewe, lakini yeye hajawahi kuangushwa hata na baiskeli. Nyumba ya mama imeezekwa, mahindi yamestawi, cherehani yangu inazunguka. Hakuna mtu huku anayesubiri wewe ugongwe ndipo ale. Kama unasaini kwa ajili yetu, mimi dada yako nakuachilia leo. Kama unasaini kwa ajili yako, hapo ndipo ninapoogopa, maana sina hakika kama anayesaini ni wewe.

Nimeinuka tena. Mvua imeingia dirishani ikalowesha vitambaa vya watu, nimevianika kwenye viti, nimerudi. Nakuomba hivi: kabla ya kusaini, nenda kwa daktari wa kichwa asiyelipwa na timu. Mweleze habari ya benchi na habari ya mzee. Usimfiche kama unavyotuficha sisi.

Mama hajui kama nakuandikia, ila kila siku jina lako halimtoki mdomoni. Silvester anakusalimu, na kikohozi chake. Baba mdogo, pamoja na maneno yangu makali, anakusalimu sana. Wapwa zako Helena na Dastan wanakusalimu, wanabishana nani kati yao anakimbia kama mjomba.

Baba hakusalimu. Salamu zako sikuzifikisha.

Siku ya mazishi, kabla jeneza halijafungwa, nilikuona unatia kitu kwenye mfuko wa koti lake. Ulidhani uko peke yako. Sijawahi kukuuliza, leo nakuuliza: ulitia nini? Unaweza kunidanganya, mdogo wangu, maana mimi sijui, na aliyenacho hawezi kusema. Lakini wewe mwenyewe utajua kama unakumbuka au unabuni. Ukikumbuka, nipigie hata kama ni kunitukana, na kwa daktari uende hivyo hivyo. Usipokumbuka, weka hiyo kalamu yao chini, Nashoni, uje nyumbani.

Mungu akulinde, na akukumbushe.

Wako akupendaye, asiyetulia,
Dada Esta