Mwalimu Mwanakheri, Debe Lako Liko Gulioni

Ni mwaka mmoja sasa, mama, tangu tukulaze kwenye udongo wa Msowero. Wapo wanaotuambia tusahau ya nyuma. Hatusahau ng'o, na leo tunasema hadharani.

Wewe ulikuwa mtu wa kupima. Kitambaa cha sare ulikipima kwa mkono, kisha kwa futi, uone kama mkono wako umekudanganya. Mgeni akisema kwake si mbali, unamuuliza, "Si mbali kiasi gani?" Baba alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

Darasani kwako, la tatu B, hukutaka kuchora lita ubaoni. "Lita haichorwi, inamiminwa," ulisema. Watoto walikuja na chupa, makopo na sufuria za mama zao, wakamwaga maji mpaka uwanja ukawa tope. Ukirudi umelowa, baba anauliza, "Leo umefundisha au umefua?" Unamjibu, "Vyote." Tunaukosa mno utani wenu.

Kisha ukawapeleka gulioni wakaone debe. Ndipo mtoto Doris, kwa adabu zote, akamwambia mnunuzi wa mahindi, "Shikamoo babu. Mbona debe lako lina kitambi?" Kweli lilikuwa nacho! Alikuwa amelipiga nyundo kwa ndani, kitako kikatokeza nje, ili mkulima amimine zaidi. Mkalijaza maji kwa chupa za lita moja, watu wakiona. Debe la lita ishirini likameza ishirini na tatu.

Jina lake hatulitaji, maana ulitukataza umbea. Anajijua. Alikimbilia kamati ya shule, akasema unafundisha watoto kuwavunjia heshima wazee, nao wakamwamini. Makopo yakafungiwa stoo, pamoja na debe la haki ulilolitengenezea darasa baada ya siku ile, ukaambiwa ufundishe kwa chaki tu. Mpaka unaugua, mpaka unakufa, uliitwa mwalimu wa utovu wa adabu. Hilo lilituuma, na bado linatuuma.

Na mazishini alikuja, mama! Akashika chepeo mstari wa mbele, akalia kwa sauti kutushinda sisi.

Sasa, kwa hitma yako ya mwaka, akatuletea debe la mchele. Baba alitaka kulirudisha. Mimi Shamimu nikasema, "Baba, tupokee kwa mikono miwili." Siku ya gulio tukatandika mkeka katikati ya watu, Doris na wenzake wakaupima ule mchele kwa kopo la lita moja, soko zima likihesabu kwa sauti. Ukaishia kumi na saba. Tukaligeuza debe. Lilipigwa kwa nje, kitako kimeingia ndani. La kununulia lina kitambi, la sadaka lina njaa! Mchele wake aliubeba mwenyewe. Hata punje haikuingia chunguni kwetu.

Mwenyekiti wa kamati akasimama akasema walikukosea. Baba akamjibu, "Umechelewa," akaenda kukaa.

Makopo yametoka stoo. Na lile debe lako la darasani, lenye mistari ya rangi nyekundu uliyoichora kila lita, limefungwa kwa mnyororo pale gulioni. Hakuna mkulima anayeuza bila kupimiwa humo. Kila gulio yule bwana anainama mbele yake, nasi tunakwenda kumwangalia. Tunafurahi, wala hatuoni haya. Mnaotuomba tumsamehe, sawa, tutampimia msamaha kwa lile debe lake la sadaka.

Unakumbukwa na mumeo, mzee Shomari. Wanao, Shamimu wa Mikumi na Mwinyimvua wa Kilosa. Dada yako Siwema wa Rudewa, ambaye mpaka leo hamwitikii yule bwana salamu. Wajukuu zako, na watoto wako wote wa la tatu B.

Daima tutakukumbuka, mama. Na yeye, kila akiinama kwenye debe, atakukumbuka pia.