Mzigo Ulioshukia Kwenye Michembe

Kahama,
Jumapili mchana

Mke wangu Mama Zuhura,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na binti yetu, na kwamba mguu wa mama umepungua uvimbe. Mimi sijambo, ni vumbi tu la huku linalonimaliza. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika nusu, na jambo lenyewe linataka lisikilizwe lote. Kaka yako Omari yuko Isaka anasubiri lori lipakiwe, nitampa bahasha hii aje nayo Muheza.

Umeniuliza mara tatu mje lini. Sharti unalijua: nimalize miezi mitatu ya majaribio bila mzigo kupotea mikononi mwangu, nipewe mkataba na nyumba, ndipo mje. Ilikuwa imebaki wiki moja.

Uliwahi kunitania kwamba kazi yangu ni kukaa kitini na kutazama tivii. Hukukosea sana. Mtu anaagiza kitu kwa simu, sisi tunakifunga chini ya droni, nayo inaruka yenyewe hadi mahali simu yake ilipoonyesha. Ikifika, kamera inatafuta kitambaa cheupe ambacho mteja ameambiwa akitandike uwanjani, kisha mzigo unashushwa kwa kamba. Upepo nimeuzoea, na mwewe wanaoishambulia droni nimewazoea. Ila waliotunga utaratibu wa kitambaa hawajawahi kufika Usukumani msimu wa viazi. Miezi hii kila kaya imeanika michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwakatwa, na vikikauka vinakuwa vyeupe pee. Ukitazama kutoka juu, kijiji kizima ni wateja.

Wiki iliyopita wachimbaji wadogo wa upande wa kwenda Geita waliagiza mpira wa pampu. Duara lao, yaani shimo wanalochimbia dhahabu, lilikuwa limejaa maji na kazi imesimama. Kule shimoni simu ya kuongea inapita ila intaneti ya kuagizia haishiki, kwa hiyo kijana wao mmoja alipanda baiskeli hadi kilima cha kijiji cha pili, akaagizia huko huko juu, akarudi zake kutandika kitambaa shimoni. Simu ikaandika kilima. Droni ikaenda kilimani, ikaona weupe, ikashusha. Mtambo ukaandika "imefikishwa", nami nikanywa chai yangu.

Mzigo ulikuwa umeangukia michembe ya mama mmoja anaitwa Mama Shija. Alikaa nao siku mbili akidhani mwenyewe atakuja kuuchukua. Hakuja mtu; wachimbaji walikuwa wanasubiri shimoni, wakidhani droni imecheleweshwa na upepo. Siku ya tatu akamwomba mwalimu amsomee karatasi iliyobandikwa juu ya mzigo, akapata jina la duara, akaufunga kwenye keria na kuupeleka mwenyewe kwa baiskeli, asubuhi nzima ya kukanyaga. Badala ya asante, wakamzunguka. Wakanipigia simu, kila mtu anasikia.

"Bosi, mzigo wetu ameuleta mama hapa," alisema mkubwa wao. "Anasema umeshuka wenyewe kwenye viazi vyake. Siku tatu! Alikuwa anatafuta mnunuzi huyu, amemkosa."

Nikasikia sauti ya mama: "Baba, waambie hawa. Mimi ningekuwa mwizi ningewaletea? Michembe yangu yenyewe imetapakaa mchangani, hata sijadai."

Nikawaambia wasimguse, nikafungua picha za safari ile. Ua wa minyaa, michembe, kamba inashuka. Kosa lilikuwa letu, si la mama. Niliwaeleza, wakamwachia, lakini kwa shingo upande. Jioni mwenyekiti wa kitongoji chake akanipigia. Habari ilikuwa imeshatangulia kijijini kwamba Mama Shija ameiba mali ya wachimbaji, akaomba karatasi yenye mhuri.

Nilimpigia meneja Mwanza.

"Mtambo unasema imefikishwa," akasema. "Iache hivyo hivyo. Mzigo si umefika?"

"Umefika kwa baiskeli, mzee."

"Baiskeli haimo kwenye taarifa zetu. Wewe una wiki moja tu, kijana. Usijiharibie."

Hakusema kwa ukali. Alinitakia mema, nami nilimwelewa vizuri sana. Nilikaa na ile karatasi mpaka chai ikapoa. Nikiacha "imefikishwa", basi mzigo ulishuka shimoni siku ile ile, na mama yule aliuchukua huko. Hakuna namna ya kusema kwa pamoja kwamba droni ilifikisha na kwamba mama si mwizi. Nikaandika kwamba droni ilidhani michembe ni kitambaa, ikashusha mzigo kwa mtu asiyehusika, na kwamba Mama Shija ndiye aliyeufikisha kwa mwenyewe. Nikagonga mhuri. Nakala moja kwa mwenyekiti, nyingine Mwanza.

Juzi jibu limekuja. Sijafukuzwa, ila miezi mitatu inaanza upya, na nyumba amepewa mwenzangu. Kwa hiyo msije.

Najua utakasirika, na una haki. Nimeumia, Mama Zuhura. Nilikuwa nimeshamwona Zuhura akicheza uwanjani hapa. Mwenyekiti anasema mama yule alikwenda gulioni Alhamisi, akauza michembe iliyobaki, na hakuna aliyemwita jina baya. Nimekuandikia hilo ili ujue mngekuwa hapa kwa gharama ya nani.

Msalimie mama, mpe pole ya mguu. Msalimie shemeji mdogo aliyeko chuo cha ushonaji, na jirani yetu anayekuchotea maji, mwambie namshukuru. Zuhura akiuliza baba anakuja lini, usimtajie siku. Mbusu tu.

Mumeo, ambaye bado anapika chungu cha mtu mmoja,
Baba Zuhura